Kupiga picha reli ya Voi hadi Taveta: stesheni, madaraja na tuta lisilo na jina

Wamunyu hakuna reli. Nalitanguliza hilo kwa sababu msomaji anayeijua barabara ya Machakos kwenda Kitui ataniuliza mapema: wewe unayetuandikia habari za stesheni na madaraja, Wamunyu ulifuata nini? Nilimfuata mzee mmoja. Siku hizi ni mchongaji kama wenzake wengi wa pale, hukaa kwenye kigoda chini ya banda la mabati, tezo mkononi, vibanzi vya mti vimemfunika miguu. Lakini kabla ya kurudi kwao kuchonga alikuwa mtu wa reli. Alikuwa katika genge la kutunza njia, wale waliokuwa wakitembea na spana ndefu na nyundo, wakikaza nati na kushindilia kokoto, na miaka mingi ya kazi yake ilikwisha kati ya Voi na Taveta. Mpwa wake anachonga pale Changamwe, na ndiye aliyenielekeza.

Mimi ni mtu wa Mombasa na picha napiga kwa mapenzi tu. Nilikuwa nimezunguka njia hiyo ya Taveta mara tatu, nikasafisha picha 64, nikazitia kwenye bahasha na kumpelekea anisaidie majina. Alizipanga juu ya gunia mafungu mawili. Fungu moja lilikuwa kubwa, la pili lilikuwa na picha 9. Nikadhani zile 9 ndizo mbovu.

"Hizi nyingi ni za mabati," akaniambia. "Umepiga nyumba, mwanangu. Njia yenyewe hukuipiga."

Nilizitazama upya nikaona kweli. Paa zenye kutu, milango iliyong'olewa, mbuzi kwenye jukwaa la abiria, mawingu mazuri. Picha za kupendeza za kutundika ukutani, na mtu akiziangalia miaka hamsini ijayo hatajua reli hii ilijengwa vipi, ilipita wapi, wala ilibebwa na nini. Nikarudi Voi nikaanza tena. Makala haya ni ya yale niliyojifunza safari ya pili, kwa yeyote kati yenu mwenye simu ya kamera na siku mbili za kupumzika, maana njia hii iko karibu na sisi na inakwisha machoni petu.

Ilivyozaliwa

Tawi hili lina urefu wa takriban kilomita 110 kutoka Voi hadi Taveta, kisha linavuka mpaka na kuungana na reli ya Tanga na Moshi pale Kahe. Reli kuu ya kutoka Mombasa ilianza kutandazwa mwaka 1896, ikapita Voi na kufika Kisumu mwaka 1901. Upande wa pili Wajerumani walikuwa wamefikisha yao Moshi kutoka Tanga mwaka 1911. Katikati palikuwa nyika kavu, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuweka reli hapo mpaka vita vilipoanza.

Agosti 1914 Wajerumani wakaiteka Taveta. Waingereza wakajikuta na adui mwenye gari la moshi nyuma yake, wao wana njia ya ng'ombe na punda. Mapema mwaka 1915 wakaanza kusukuma reli kutoka Voi, wakitumia wahandisi wa jeshi walioletwa kutoka India na vibarua wengi wa hapa kwetu. Ilikuwa reli ya vita, ya kutandazwa upesi. Katikati ya mwaka 1915 ilifika Maktau na ikakaa hapo miezi, imezungukwa na ngome na mahandaki. Wajerumani walituma vikosi vidogo vya kupenya porini usiku na kutega baruti chini ya reli. Maji yalikuwa taabu nyingine: yalivutwa kwa mabomba kutoka milima ya Bura, na bomba lenyewe likalindwa kama reli ilivyolindwa.

Mwaka 1916 mwanzoni njia ikafika Mbuyuni. Tarehe 12 Februari 1916 wakapigana kwenye kilima cha Salaita, Waingereza na Makaburu wakarudishwa nyuma. Mwezi uliofuata Taveta ikachukuliwa, na mwaka huo huo reli ikaunganishwa na ile ya Wajerumani.

Sasa Wamunyu. Mtu anayetajwa kuwa baba wa uchongaji wa Kikamba wa kuuza ni Mutisya Munge, mwenyeji wa Wamunyu, aliyekwenda Tanganyika wakati wa vita hivyo hivyo. Wasimulizi wengine husema alifunzwa na Wazaramo, wengine na Wamakonde, lakini wote wanakubaliana kwamba ujuzi aliurudisha nyumbani na kijiji kizima kikashika tezo. Twiga na vinyago unavyoviona vikiuzwa Mombasa vina asili hapo. Kwa hiyo ufundi wa Wamunyu na reli ya Voi hadi Taveta ni ndugu, vyote viwili vimezaliwa na vita vimoja.

Mzee wangu ana sababu nyingine. Babu yake alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, yule ambaye Waingereza walimwita jina lililotupa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Hakurudi. Wenzake waliorudi walisema mara ya mwisho walimwona akichimba na kubeba udongo wa reli, ng'ambo ya Bura ukielekea Maktau. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba Waafrika na Wahindi wengi waliokufa hawakupewa kaburi wala jina lililoandikwa kama walivyopewa Wazungu.

Tofauti hiyo utaiona kwa macho kwenye njia hii hii. Voi kuna makaburi ya vita, mawe yamepangwa, nyasi zimekatwa. Hapo amezikwa William Dartnell, mzaliwa wa Australia, aliyeuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915 na kupewa Msalaba wa Victoria. Maktau kuna makaburi ya Wahindi. Taveta kuna makaburi mengine ya jeshi. Yote yastahili kupigwa picha, tena kwa adabu. Lakini ukiuliza wale waliobeba udongo wako wapi, jibu lililobaki ni udongo wenyewe.

Njia, stesheni kwa stesheni

Kabla ya majina, neno moja la mwanga. Kutoka Voi unaelekea magharibi. Asubuhi jua liko mgongoni kwako na linaangaza mbele, jioni ukirudi liko mgongoni tena. Basi nenda asubuhi, rudi jioni, na saa nne hadi saa tisa tafuta kivuli, kwa sababu jua la utosini huzika maandishi na kufanya kila ukuta uwe sawa. Miezi mizuri ni ile inayofuata mvua, Juni na Julai au Januari, vumbi limetulia na milima inaonekana. Wakati wa kiangazi kikali ile ardhi nyekundu ya Taita huingia mpaka ndani ya lenzi.

Voi ndiyo njia panda na ndiyo yenye mengi. Usichanganye stesheni ya zamani na ile mpya ya reli pana iliyofunguliwa mwaka 2017. Zote zinaitwa Voi na madereva wa bodaboda watakupeleka ile mpya usiposema. Kwenye ya zamani, tafuta pale ambapo tawi linaachana na njia kuu. Piga zile reli mbili zikitengana, simama katikati kwa mbali, piga kwa urefu. Hiyo ndiyo picha ya kwanza ya habari nzima, nami safari ya kwanza sikuipiga.

Mwatate siku hizi ni makao makuu ya kaunti, na karibu yake kuna shamba kubwa la mkonge. Mkonge ulikuwa mzigo wa reli hii kwa miaka mingi, huku na kule Taveta kwenye mashamba ya Ewart Grogan, yule aliyejijengea kasri juu ya kilima. Ukiweza kupiga stesheni na mistari ya mkonge nyuma yake kwenye picha moja, umeeleza kwa nini gari la moshi lilisimama hapo.

Bura ni pahala pa kukaa. Hapo kuna misheni ya Wakatoliki iliyoanza mwaka 1892, reli haijawazwa bado. Milima iko karibu, maji yanashuka, na njia inapita juu ya mikondo ya msimu kwa makalvati na madaraja madogo madogo. Watu wengi huyapita mbio wakitafuta Maktau na ndovu. Mimi siku hizi hutumia nusu ya siku hapo, na nitarudi kueleza kwa nini.

Maktau ndipo vita vilipokaa. Ngome ya Mashoti iko jirani. Kuanzia hapa unagusa hifadhi, LUMO ya wenyeji upande mmoja na Tsavo Magharibi mbele yako, na barabara yenyewe inakatiza mbugani. Ukishuka kwenye gari kufuata reli porini bila mtu wa hifadhi, hutakuwa umefanya ushujaa wowote. Ndovu wa Tsavo hupenda kutembea juu ya tuta la reli kama sisi tunavyopenda lami. Mzee aliniambia genge lao lilikuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kutazama tu, hashiki nyundo. Mwajiri mtu wa kutazama.

Mbuyuni na kuendelea ni uwazi. Asubuhi mapema Kilimanjaro inasimama mbele, na kufikia saa nne mara nyingi imejifunika. Picha ya reli inayokwenda moja kwa moja kuelekea mlima kila mtu anaitaka, nami sikatazi, ipige. Ukimaliza, geuka nyuma uipige reli ile ile ikirudi Voi, maana huko ndiko ilikotoka.

Taveta ni mwisho wa upande wetu. Kabla ya mji kuna mto Lumi, unaoteremka na kuingia ziwa Jipe, na hapo pana daraja la reli. Huu ni mto wa maji ya kweli, tofauti na makorongo ya nyuma, na nitalisema daraja lake baadaye kidogo. Ukiwa Taveta kumbuka uko mpakani. Kamera isielekee kituo cha forodha wala askari wa mpaka, hata kama reli inaonekana vizuri kutoka hapo.

Abiria hawajapanda njia hii miaka mingi. Iliumia zaidi mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Tawi lililokuwa likiunganisha nchi mbili likawa kidole kilichokatwa. Ahadi za kulifufua zimetolewa mara nyingi. Wenzetu wa Tanzania walirudisha gari la mizigo kati ya Tanga na Moshi mwaka 2019, na huwa nalikumbuka kila ninapoyaona magugu yetu.

Ubao, reli na taruma

Sasa yale ya mzee. Alipozichagua zile picha 9 nilimwuliza ana kipimo gani. Akasema, "Kama naweza kuikarabati kwa kuitazama, hiyo ni picha."

Anza na ubao wa jina. Stesheni nyingi za enzi ile ziliandikwa jina, umbali na urefu kutoka usawa wa bahari. Piga ubao wote kwanza, kisha karibu, kisha nyuma yake. Kwenye milango, mizani, makabati na mabehewa yaliyoachwa tafuta herufi. EAR&H ni za shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1948; KR ni za baada ya Kenya kuanzisha shirika lake mwaka 1978. Herufi hizo hukupa umri wa kitu bila kumwuliza mtu.

Kisha piga magoti. Ubavuni mwa reli, kwenye ule wembamba ulio katikati ya kichwa na kitako chake, viwanda vilikuwa vikichapa jina na mwaka. Asubuhi jua likiwa chini herufi zinainuka zenyewe. Zikikataa, mwagia maji kidogo au mulika kwa tochi kutoka ubavuni, usisugue kwa jiwe. Na hapa watu hukosea: mwaka ule ni wa kiwandani, hauelezi reli ilitandazwa hapo lini. Reli ilikuwa ikihamishwa. Iliyochoka kwenye njia kuu ilipewa tawi imalizie maisha yake. Ukikuta mwaka wa mbele ya 1915, ujue ilikuwa na kwao kwengine kabla ya kuja hapa. Ukikuta miaka tofauti ndani ya hatua ishirini, hapo palifanywa ukarabati, na mzee atakwambia kwa nini, kama bado yupo.

Mataruma nayo yapige, ya chuma na ya mti, pamoja na namna yanavyoishika reli. Weka kitu cha kipimo, rula ikiwezekana. Usiweke sarafu, sarafu hubadilika. Upana kati ya reli ni mita 1 kamili. Wachache wanaamini mpaka wapime, kwa hiyo picha ya utepe wa kupimia ukiwa juu ya reli zote mbili ina thamani.

Haraka ya hayo yote ni vyuma chakavu. Reli, nati na mataruma ya chuma vinauzika kwa kilo. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya milingoti ya umeme kuhujumiwa, na miezi michache baadaye ikaifungua tena kwa masharti. Mimi nimepita sehemu moja mwezi wa pili nikahesabu mataruma, nikapita mwezi wa kumi nikakuta mistari tu kwenye kokoto, kama meno yaliyong'olewa. Picha ya kwanza sasa ndiyo ushahidi pekee nilio nao kwamba palikuwa na kitu.

Daraja hupigwa kutoka chini

Kila mtu hupanda juu ya daraja na kupiga reli zikienda mbali. Kuna hatari, na pia hakuna habari. Daraja linajieleza chini. Shuka, ukitazama nyoka na maji, na upige vitu vinne: ukuta wa upande mmoja, ukuta wa upande wa pili, chuma kinachovuka katikati, na nguzo kama ipo. Mawe ya kuta yakiwa yamechongwa na kupangwa vizuri, fundi alikuwa na muda. Zege na mabaka ya haraka husema mengine. Vibao vya kiwanda hupigiliwa ubavuni mwa chuma, mara nyingi upande ambao jua halifiki, kwa hivyo nenda na tochi.

Lumi nimelipiga saa kumi na moja jioni kutoka ukingoni, baada ya kuomba njia kwa mwenye shamba. Mwenzangu alisimama chini ya daraja ili ukubwa uonekane. Mtu ndiye kipimo kizuri cha daraja, bora awe mtu aliyekubali.

Makalvati watu huyadharau. Mzee aliyapa heshima kuliko stesheni. "Stesheni ikianguka gari linapita," akasema. "Kalvati likiziba, mvua moja tu, njia imekwenda." Yako mengi baina ya Mwatate na Maktau, na kila moja linaonyesha wapi maji ya milima ya Taita yalikuwa yakipita walipojenga. Linganisha na yanapopita sasa.

Baada ya kila picha andika: tarehe, umetazama upande gani, jiwe la kilomita lililo karibu au alama ya ramani ya simu. Andika hapo hapo. Usingoje jioni. Jioni makalvati yote yanafanana, na nitakupa mfano wangu mwenyewe.

Ruhusa, na yaliyonipata

Reli isiyopita gari haijawa ya kila mtu. Ardhi na majengo ni ya Shirika la Reli la Kenya, na kutembea kwenye njia bila idhini ni kosa. Andika barua, sema tarehe na stesheni unazokwenda, ubebe nakala iliyopigwa muhuri. Ndege ya kamera, droni, inataka idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, na ndani ya mbuga inataka ya Shirika la Wanyamapori pia. Mimi sina droni na sijaikosa.

Safari ya kwanza nilikwenda mikono mitupu. Stesheni moja, sitaitaja, alitokea mlinzi akaniuliza natafuta nini. Nikajibu kwa ule ujuaji wetu wa mjini, kwamba hili ni gofu tu. Alinikalisha juu ya jiwe saa mbili na nusu na akafuta kadi nzima ya picha mbele ya macho yangu. Nilikasirika mpaka Voi. Baadaye nikafahamu lile "gofu" lilikuwa nyumba yake, chumba cha pili kulikuwa na watoto, na watu wenye kamera na ramani walikuwa wametangulia kabla yangu kupima ardhi. Safari ya pili nilianza na salamu, nikasema natoka wapi na nimetumwa na nani, nikaonyesha barua kabla ya kuombwa. Nikakaribishwa chai, na mlinzi ndiye aliyenionyesha mizani ya zamani nyuma ya mlango.

Wanaoishi kwenye majengo haya usiwatoe sura zao wala kutaja chumba gani kina nani. Wengine ni watoto wa wafanyakazi wa zamani, wengine walihamia tu. Picha yako isije ikawa ndiyo karatasi ya kuwafukuzia.

Kuhifadhi

Weka picha pahala patatu tofauti, simu isiwe mojawapo. Chapisha chache kwenye karatasi, kwa sababu wazee hawatazami kwenye kioo, huwachosha macho na kidole chao hugeuza picha bila kutaka. Jumba la makumbusho ya reli lipo Nairobi tangu 1971, na nakala zenye maelezo kamili zina maana kwao. Na rudisha nakala ulikopiga. Mlinzi yule nilimpelekea ya watoto wake, hiyo sikuichapisha popote.

Tuta

Mzee hakutaka stesheni yoyote. Alitaka lile tuta la kutoka Bura kuelekea Maktau, udongo ulioinuliwa ili reli ipite sawa. Nilikuwa nimepita hapo mara tatu bila kuona kitu. Mchana ni kichuguu kirefu chenye nyasi. Nikarudi jioni, na mtu wa hifadhi, nikangoja jua lishuke mpaka liwe pembeni kabisa. Hapo kivuli kikaanza kuchora. Ubavuni mwa tuta, sambamba nalo, kulikuwa na mashimo marefu ya kina kifupi, moja baada ya jingine, kama makaburi yasiyofukiwa. Ndiko udongo ulikotolewa kwa majembe na kupandishwa kwa makarai na vikapu. Miaka zaidi ya mia na mvua zote zile, bado unaona mahali jembe lilipoishia na lingine likaanza.

Nilipiga picha 11 kwa dakika 15 kisha jua likazama. Moja ilitoka vizuri. Nikaichapisha kubwa, nikaipeleka Wamunyu pamoja na nyingine za madaraja.

Aliishika muda mrefu. Akaniuliza Voi iko upande gani wa picha, nikamwambia kushoto. Akaigeuza nyuma, akaomba penseli, akaandika jina moja na chini yake jina la baba wa mwenye jina. Akaitia kwenye debe anakoweka patasi zake, akalifunika.

Kisha akazichukua zile zilizobaki, akazipitia moja moja hadi ya kalvati lenye mawe meupe, akanirudishia.

"Hili umeandika Mwatate," akasema. "Si la Mwatate, ni la Bura. Sahihisha."